Waya Mmoja, Nyumba Mbili

Nianze na hasira zangu, maana bila hizo hamtaelewa jasho lilinitoka vipi. Mie nina hasira za karibu. Kitasa kikikataa ufunguo nakipiga teke. Kalamu ikigoma kuandika naitupa dirishani, halafu natoka nje mwenyewe kuitafuta. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitwa na mama yake, bi mkubwa akiwa bado yuko kwenye msala, tasbihi hajaiweka chini, akaambiwa: "Nitilie mtandao humu ndani. Wa picha. Kabla ya Alhamisi."

Nikamuuliza wa nini. Akanitazama vile anavyowatazama watu wanaouliza mambo wanayoyajua.

Kweli nilikuwa najua. Dada yangu aliolewa Maskati, akafia huko na kuzikwa huko, akaacha mtoto wa kike mdogo. Mtoto yule sasa alikuwa mtu mzima, anaolewa Ijumaa. Alipiga simu akalia. "Bibi," alisema, "wenzangu wote wana masomo wao, makungwi wa kuwafunda. Mimi nani atanifunda?" Na alikuwa akimwambia mwanamke ambaye amefunda maharusi wa Mkoani nusu nzima! Kuna waliovushwa na ngarawa kutoka Makoongwe waje kukaa chumbani kwake. Lakini daktari alishampiga marufuku kupanda ndege kwa sababu ya moyo, na magoti nayo yalikuwa na marufuku yao.

Nikamwambia amfunde kwa simu ya kawaida, maneno ni maneno.

"Maneno!" akasema mama. "Mwari hafundwi kwa maneno peke yake. Nitajuaje kama anainua macho au anayainamisha? Nitie picha, nshasema."

Nyumba yetu iko chini ya kilima. Simu ya mkononi pale utaongea ukisimama uwani karibu na kisima, tena usihamehame. Picha usahau. Lakini tulikuwa na kitu ambacho majirani wengi walishakitupa: simu ya mezani. Marehemu baba aliivuta zamani, na baada ya yeye kuondoka mama aliendelea kuilipia na kuifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kampuni ya simu ikasema waya ule ule wa shaba unaweza kuleta intaneti. Ndiyo hiyo wanayoiita ADSL.

Hapa lazima nisifu, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Nyuzi mbili za shaba, nyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, zimepigwa jua na mvua kwenye nguzo miaka yote. Zimeleta salamu za Idi, zimeleta habari za kuzaliwa na za kufa. Halafu ukiwa mtu mzima unaambiwa kuwa wakati wote ule zilikuwa na nafasi kubwa juu ya sauti zetu ambayo hakuna aliyeitumia. Sauti ya mtu inapita chini, intaneti inapita juu, hazisukumani. Sharti moja tu: kila simu iliyopo kwenye waya ule ifungiwe kichujio, kijiboksi kidogo cha plastiki kinachozuia simu isiivuruge intaneti. Usipokifunga, simu ikiita au ikinyanyuliwa, mtandao unaanguka. Subhanallah, nilisema peke yangu, na mama akaitikia bila kujua nimeona nini.

Ruta niliinunua Chake. Ndani ya boksi mlikuwa na vichujio viwili. Kimoja nikakifunga kwenye simu ya mama, cha pili nikakitupa kwenye mtoto wa meza, maana simu tuliyonayo ni moja.

Kisha nikaunganisha laptopu yangu na ruta kwa kebo, nikaandika zile namba zenye nukta, ukafunguka ukurasa wa kuipangia. Mama alijivutia kigoda akakaa ubavuni kwangu.

"Anasemaje?"

"Anataka jina la mtumiaji na neno la siri tulilopewa na kampuni ya simu."

"Ana adabu zake," mama akasema. "Hafungui mlango mpaka ajue nani anabisha."

Baada ya jina na neno la siri ilitaka aina ya muungano, herufi nyingi zisizotamkika, nazo nilikuwa nimezinakili. Halafu ilitaka namba mbili fupi ambazo kampuni hukupa, ndizo zinazoionyesha ruta ipite njia ipi ndani ya waya. Nikaandika, nikabonyeza. Taa ya kwanza, ile inayosema kuwa waya uko hai, ikapepesa, ikapepesa, ikatulia kijani. Mama akasema Alhamdulillah. Taa ya pili, ya intaneti, ikawaka nyekundu.

Nikajaribu tena. Nyekundu. Nikaizima nikaiwasha. Nyekundu vile vile! Nikaitukana ruta, nikamtukana aliyeiunda na duka lililoiuza, na mkono ulishanyanyuka kuipiga kofi.

"Wee mwana wee," mama akanishika kiwiko. "Mgeni hafokewi. Soma tena, pole pole, kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Qurani. Kumbe ile namba ya pili nilikuwa nimeigeuza, tarakimu ya mbele nimeiweka nyuma. Nikaisahihisha. Taa ya pili ikazimika, ikafikiri, ikawaka kijani. Nilitaka kurukaruka mbele ya mama yangu mzazi, na nywele zangu nyeupe hizi.

Tulimpigia mtoto siku ile ile. Uso wake ulipotokea kwenye kioo, mama alijitengeneza kanga kichwani kwanza, ndipo akatazama. Mtoto ana paji la uso la mama yake, na kidevu kile kile cha ubishi.

"Umekonda," mama akasema.

"Sijakonda, Bibi."

"Umekonda. Na usinibishie, mie nakuona."

Wakacheka. Halafu mtoto akasema neno ambalo sikulitia maanani wakati ule. Alisema mama yake alipokuwa anaumwa alimfundisha wimbo wa kupokezana, ambao yeye mama mtu aliimbiwa na somo wake siku ya kufundwa kwake. Lakini alimfundisha upande wa kuitikia tu, upande wa mwari. Upande wa somo alimwambia ataupata siku yake ikifika. "Wewe unaujua, Bibi?" Mama akageuza maneno, akamuuliza wali wa harusi utapikwa na nani.

Nikajiona fundi mkubwa. Kesho yake, mtandao ukakatika. Kesho kutwa ukakatika tena, na kila mara ulikatika pale pale mtoto alipotaka kuanza kuongea na bibi yake. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kuwa kuna mtu ametutia jicho. Mwisho nikagundua kitu. Mtoto yule amelelewa vizuri kupita kiasi! Haoni haya kumtokea bibi yake kwenye kioo, anaona haya kumtokea bila hodi. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kupiga ya picha, anapiga kwanza simu ya mezani: "Hodi, Bibi, nije?" Simu inaita, na mtandao unakufa.

Lakini kichujio si nilikifunga? Nikakikagua, kizima. Nikamwambia mama akae jikoni, asiiguse simu hata nyumba ikiwaka moto. Nikatoka uwani karibu na kisima, mahali ambapo ruta naiona kupitia dirishani, nikapiga namba yetu wenyewe kwa simu yangu ya mkononi. Ndani simu ikaita. Taa za ruta zikayumba. Ikaita tena. Halafu ikapokelewa.

Niliitazama simu yangu. Dakika zinahesabika. Mama namwona jikoni, mikono imejaa unga. Nikaiweka sikioni. Kimya, halafu pumzi ya mtu. Nikasoma aya za Qurani nilizozikumbuka. "Halo? Nani hapo?" Ikakatwa, na taa za ruta zote mbili zikazimika.

Sikumwambia mama. Nikaufuata waya. Unaingia kutoka kwenye nguzo, unapita chini ya mapaa, unaingia ukutani kwetu. Lakini nyuma ya bomba la maji ya mvua, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia, ulikuwa umeungwa. Tawi moja linashuka, limepakwa chokaa rangi ya ukuta, linapita juu ya kiambaza kinachotenga nyua zetu, linaingia nyumba ya jirani. Nikakaa chini pale pale kwenye majani makavu ya karafuu.

Jirani yetu na mama walikuwa shoga wa kufa na kuzikana. Walioshana nywele, walinyonyesheana watoto. Mumewe alikuwa baharia, na baba yangu ndiye aliyelivuta tawi lile ili bibi wa watu apate kuongea naye akiwa safarini. Namba moja, simu mbili; ikiita inaita kote. Hakuna aliyeona shida mpaka siku Maskati walipopiga kutupa habari ya dada. Jirani ndiye aliyewahi kunyanyua. Akasikia, akapiga yowe. Mama alipata habari ya kufa kwa mwanawe kutokana na yowe lililopita juu ya kiambaza.

Hakumsamehe. "Amesikia msiba wangu kabla yangu mie," alisema, na tangu hapo hawakusemezana. Alimtaka baba akate waya siku ile ile. Baba akachukua koleo, akaenda, akarudi, akasema: "Tayari, nimekata." Sisi sote tulimsikia.

Nikatia koleo mfukoni, nikabisha hodi kwa jirani. Mkwewe akanipeleka chumbani. Bibi alikuwa kitandani, nyonga imevunjika tangu mwaka wa nyuma, na simu iko pembeni mwa mto.

"Shikamoo bi."

"Marahaba mwanangu." Akaitazama mikono yangu. "Umekuja kukata?"

Nikalisukuma koleo ndani zaidi ya mfuko.

"Babako naye alikuja na koleo," akasema. "Nikamwambia kata, haki yake mkeo. Akasimama hapo ulipo. Akasimama weee. Mwisho akaomba kahawa, akanywa, akapunguza kengele isisikike huko kwenu, akaenda zake. Mie sisemi kitu, mwanangu. Wakati mwingine ikiita nanyanyua nimsikie tu. Nshaizoea sauti yake."

Basi nikamweleza habari ya mtandao na mtoto wa Maskati anayeolewa. Akauliza nani anamfunda. Nikasema mama. Akageuza uso akatazama ukutani.

"Mama yake nilimfunda mie," akasema. "Mamako anajua."

Nikarudi nyumbani, koleo mfukoni, nikamweleza mama yote. Alikuwa anasukuma mikate. Aliposikia kuwa baba hakukata, mti wa kusukumia ukasimama.

"Aliniambia amekata."

"Alikuambia."

"Aliapa?"

"Hapana. Alisema tayari."

Akasukuma mkate mmoja mpaka ukawa mwembamba hata unaona ubao chini yake. Nikamwambia: leo ni Jumatano, kesho ndiyo siku, na njia ziko mbili. Nikate tawi lile, au nilifungie kichujio cha pili kule kwa jirani. Kwa njia zote mbili mtandao hautakatika tena. Achague.

"Kata," akasema.

Nikatoka. Nikapanda juu ya ndoo, nikaushika waya, nikautia kwenye meno ya koleo. Baba, nisamehe, nilisema moyoni. Nikasikia mlango wa jikoni.

"Anaendeleaje yule?"

"Hainuki kitandani. Nyonga."

"Anapikiwa na nani?"

"Na mkwewe."

"Mkwewe yule hajui kupika!" Akasimama mlangoni anafuta unga mikononi, anafuta mikono ambayo imeshatakata. "Ule wimbo alioutaja mtoto," akasema, "mie siujui. Siku ya mwanangu nilikaa nje. Mama mzazi haingii. Nilikaa hapa hapa uwani nasikia wanacheka tu." Akauma ncha ya kanga. Sijapata kumwona vile, hata siku ya msiba. "Mtilie hicho kidude chako. Na mwambie kesho baada ya laasiri asinyanyue kimya kimya kama mwizi. Anyanyue, aseme."

Nikashuka kwenye ndoo. Nilitafuta kichujio cha pili kwenye mtoto wa meza kwa fujo mpaka nikamwaga vilivyomo vyote sakafuni, nikaenda kukifunga kwa jirani na kumfikishia neno la mama.

Kulikuwa na tatizo moja la mwisho, na ndilo lililonitia mimi matatani. Simu mbili za waya mmoja haziwezi kupigiana. Namba ni moja. Ili mama na jirani wasikizane lazima mtu wa tatu apige kutoka nje, wote wawili wanyanyue, na huyo wa tatu aiache simu yake wazi mpaka mwisho. Simu ya mama ina spika, itawekwa mbele ya laptopu, basi Maskati, mama na jirani watakuwa pamoja. Na mtu wa tatu ni nani? Mwenye simu ya mkononi pale ni mimi. Mwanamume. Kwenye mambo ya kumfunda mwari!

"Utapiga, kisha utaifukia," mama akaamua. Akanipa mito miwili na godoro la mtoto.

Alhamisi baada ya laasiri nilikaa karibu na kisima. Ndani mama ameshafunga madirisha, ameshafukiza udi, amevaa kanga mpya kana kwamba mwari yuko mkekani mbele yake. Taa za ruta ndiyo kitu cha mwisho nilichokiona kabla dirisha halijafungwa, zote kijani. Nikapiga. Ikapokelewa mara moja, ikapokelewa mara ya pili. Taa sikuziona, lakini ndani nilimsikia mtoto bado anamwita bibi yake, kwa hiyo mtandao haujakatika. Kisha ikatoka sauti ya jirani, kavu, inaogopa:

"Shoga."

Na mama: "Nipo. Mwari wako huyu hapa. Anza."

Nikaifukia simu haraka. Nilikuwa nimepunguza sauti mpaka mwisho, lakini ile simu yangu ya bei rahisi haijui kunyamaza. Kuondoka siwezi, nikihama na simu inakatika, nikiiacha peke yake kuku wataiparura. Nikaanza kumsalia Mtume kwa sauti ili nisisikie. Nilimsalia kwa bidii kweli, jirani wa upande wa pili akachungulia akiuliza kuna maulidi. Nikampungia mkono aende zake.

Nilinyamaza kidogo kuvuta pumzi, basi. Na katika kuvuta pumzi ile, chini ya mito, sauti ya bibi mmoja ikaanza wimbo, pole pole, sauti ya kitandani. Sikushika maneno, naapa. Ikasimama mahali. Na sauti ya msichana ikaitikia.

Ilikuwa sauti ya dada yangu. Najua haikuwa yeye. Lakini kile kikwaruzo cha mwanzo wa neno, kile kicheko kinachotaka kutoka kabla wimbo haujaisha, nilikuwa sijakisikia tangu alipopanda meli. Bibi akaimba, msichana akaitikia, kisha mama, ambaye siku ile ya zamani alikaa nje, akaingia na yeye kwenye kiitikio, kwa kukosea, na wote watatu wakaangua kicheko. Nilikisikia mara tatu: dirishani kwetu, juu ya kiambaza, na chini ya mto. Nikaukumbatia ule mto nikalia, mtu mzima, kuku wananitazama.

Jua lilikuwa limeinama mama alipofungua mlango. Macho mekundu, kanga imemteleza begani. Mkononi alikuwa na bakuli limefunikwa kwa kile kitambaa cha simu.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu, mama."

Akanitazama sana, usoni, kwenye mito, kwenye kifua changu kilicholowa.

"Muongo kama babako," akasema, akanipa bakuli. "Mpelekee jirani kabla halijapoa. Na mwambie kesho nakuja mwenyewe."